Mwenye Punda Ashike Kichwa

Chuoni tulifundishwa farasi. Mwalimu wetu alichora ubaoni farasi dume, farasi jike, farasi aliyehasiwa, mtoto anayenyonya na mtoto aliyeachishwa, kila mmoja na jina lake la Kiingereza, akatuambia tuyakariri yote kwa sababu mtihani hauna huruma. Tukakariri. Punda alipata mstari mmoja mwishoni mwa somo: "Kama farasi, ila mdogo." Nikaajiriwa, nikafanya kazi ya mifugo mpaka nimestaafu mwaka huu, na farasi hata mmoja sijawahi kumtibu. Punda nimewatibu mpaka nikapewa jina lao.

Ninyi wadogo zangu mliobaki ofisini mmeniomba niandike kumbukumbu zangu kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Mambo ya vyeo na mishahara waulizeni watu wa utumishi, wao ndio wanaoyakumbuka. Mimi nitaandika juu ya wanyama, majina tunayowaita, na watu wanaoyatumia majina hayo. Nitaandika ninavyotaka, maana sasa hakuna wa kuniandikia barua ya onyo.

Mimi ni mtoto wa Zagayu, nyumba ya wakulima wa pamba. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mwamapalala. Kisukuma nilikuwa nacho tangu kwa mama, baiskeli nilipewa na ofisi, na breki nilijitafutia mwenyewe. Nilipokelewa na Mzee Masunga, msaidizi wa mifugo, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Cheti changu hakukitazama. Alitazama viatu.

"Unaogopa ng'ombe?" akaniuliza.

"Siogopi."

"Basi wewe ni mjinga. Mimi nawaogopa mpaka leo, ndiyo maana bado nina mbavu."

Asubuhi ileile akanipeleka kwenye boma moja kuhasi madume. Mwenye boma alinipokea vizuri, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje mama, nikamwitikia, kisha akachungulia nyuma yangu, njia yote mpaka kwenye ua wa minyaa.

"Bwana mifugo yuko wapi?"

"Ndiye huyu," Masunga akasema, akininyooshea kidevu.

"Si mama huyu?"

"Kwani dume lako litajua tofauti?"

Wakacheka, mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika budizo, lile koleo zito la kuhasia, nikitafuta pa kuanzia. Kabla sijasogea, Masunga akapaza sauti: "Mwenye ng'ombe ashike kichwa!" Nikadhani ni maneno ya kunipa moyo. Kumbe ilikuwa sheria yake. Hakumgusa mnyama wa mtu mpaka mwenyewe, si mtoto wake wala jirani, amshike pembe na pua mbele ya watu. Mnyama akifa, mwenyewe alikuwepo. Na mnyama akija kugombewa, boma zima limeona nani alishika kichwa. Huko kwetu jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Hata mnadani, mzee akitilia shaka ng'ombe, swali lake la kwanza lilikuwa: siku ya chanjo nani alimshika kichwa?

Nilihasi madume yote ya boma lile. La mwisho lilinikanyaga kidole cha mguu, na ukucha wake mpaka leo umeota upande. Wadogo zangu, nunueni buti kabla ya kununua simu.

Masunga alinifundisha pia majina. Dume la mbegu ni nzagamba, na ukiliita ng'ombe tu mwenyewe ananuna. Likishapita kwenye budizo ni maksai, hapo jembe limepata mfanyakazi. Jike ambaye hajazaa ni mtamba, na mtamba ni mahari inayotembea, kwa hiyo umtaje kwa adabu. Bado hapo kuna majina ya rangi, ya mabaka, ya pembe zilizoinama na zilizosimama, hata mtu aliweza kukuelezea ng'ombe aliyepotea ukamtambua katikati ya kundi. Nilijifunza yote kwa furaha. Siku moja njiani nikamuuliza, "Na punda, mzee?"

"Punda ni punda."

"Dume lake?"

"Punda."

"Mtoto wake?"

"Punda mdogo. Sikiliza, mayu. Yule si mfugo, ni chombo. Wewe unaliuliza jembe jina lake?"

Nilimpenda Mzee Masunga, na kila ninachojua juu ya ng'ombe kimetoka kwake, lakini kwa punda alikosea, nikamwambia palepale. Hatukuongea mpaka tulipofika kijiji cha pili.

Tazameni jinsi neno lenyewe linavyotumika. Mtoto akifeli hesabu, "punda wewe." Mtu mvivu ni punda. Anayejituma kupita kiasi naye ni punda. Sijui mnyama huyu afanye nini tena. Kamusi inamwita pia kihongwe, neno ambalo sijalisikia mdomoni mwa mtu yeyote wa kwetu Itilima. Wanasema shukrani ya punda ni mateke, na nimepigwa mateke mengi, kila mara nikiwa nimesimama mahali pa kijinga. Wanasema punda afe, mzigo ufike. Huo ni uongo mtupu. Nimewaona punda waliokufa njiani, na mzigo ulikuwa umekaa hapohapo, pamba inaloa mvua, mwenyewe ameshika kiuno.

Ofisini nako ilikuwa hivyohivyo. Taarifa ya mwezi ilikuwa na nafasi ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku, hata mbwa. Punda aliingia kwenye "mengineyo," pamoja na bata. Kila mwezi nilikuwa naandika PUNDA pembeni kwa kalamu, na kila mwezi mkubwa wangu alikuwa anafuta. Tuliendelea hivyo mpaka akahamishwa, akaja mwingine, naye akaendelea kufuta.

Sasa niwaambie habari za Kabula. Nilikutana naye mara ya kwanza kwenye josho, siku ya kuogesha ng'ombe, mwanamke mwembamba aliyeolewa katika boma la jirani. Alikuja na punda jike mwenye kidonda shingoni, kipana, kinanuka, kimepakwa oili chafu ya trekta. Wanaume wakamwambia atoke kwenye foleni, hapo ni mahali pa mifugo. Hakutoka.

"Namsubiri bwana mifugo," akasema.

"Ndiye mimi," nikasema.

Akanitazama, akatabasamu kidogo. "Wabeja," akasema. Ni asante ya kwetu, na ilinitosha kwa mwezi mzima.

Kidonda kile nilikijua. Watu wetu ni mabingwa wa kulima kwa maksai, kwa hiyo walipoanza kumtumia punda walichukua nira ya maksai wakamvisha. Ng'ombe ana nundu, nira inashika pale, anasukuma. Punda hana nundu. Mti ule unamsugua shingo mpaka mfupa, na anavuta tu, maana punda hana desturi ya kupiga kelele akiumia. Ukimwona anajitenga, masikio yameanguka, hagusi majani, basi amekwisha kuumwa siku nyingi.

Kabula akamshika punda kichwa, nikamsafisha kwa maji ya chumvi, nikampaka dawa. Kisha nikachukua mpira wa ndani wa gurudumu la gari na kipande cha gunia la pamba, nikamwonyesha Kabula jinsi ya kushona mkanda mpana wa kupita kifuani, si shingoni. Punda huvuta kwa kifua. Kabula akashona vizuri kuliko mimi. Aliporudi na punda wake amevaa mkanda, shemeji yake Maduhu, mdogo wa mumewe, alikuwa kwenye kilabu cha pombe na wenzake.

"Jamani, oneni punda amevaa sidiria!" akapiga kelele. Kisha akaniona na baiskeli yangu. "Na huyo ndiye Mama Punda, fundi cherehani wao!"

Jina likashika. Watoto waliliimba, wake za watumishi wenzangu walilitumia kanisani. Nilililia usiku mmoja, nawaambia kweli. Asubuhi nikaamua kwamba anayeniita hivyo nitamwitikia. Mtu akisema "Mama Punda," nasema "Naam, una punda mgonjwa?" Wengi walikuwa naye.

Maduhu hakuwa mtu mbaya wa kila siku. Alijua ng'ombe vizuri sana, nitampa haki yake. Alikuwa anaingia kwenye zizi gizani akakwambia nani hayupo. Ila dharau yake kwa punda ilikuwa kubwa, na kuna siku aliitangaza hadharani. Yule punda wa Kabula alikuwa amegoma kutembea. Amesimama katikati ya njia ya kisimani na madumu ya maji mgongoni, watu wamempiga mpaka fimbo imevunjika, wanamwita mkaidi. Hilo neno mlitilie shaka kila mnapolisikia. Mimi katika kazi yangu nimekutana na punda wengi wenye maumivu na wenye woga. Mkaidi bado namtafuta.

Nikamwinua mguu mmoja mmoja. Kwato ya mbele ilikuwa ya moto. Usaha ulikuwa ndani, na bila kukata angebaki kilema. Mume wa Kabula alikuwa safarini, Kabula mwenyewe alikuwa nyuma na dumu la mwisho, na Maduhu alikuwa amesimama hapo na kundi la wanaume.

"Mwenye punda ashike kichwa," nikasema, nikimtazama yeye.

Akaangalia wenzake. "Nani? Mimi? Mimi nina ng'ombe. Sishiki kichwa cha punda mbele ya watu."

Wakacheka wote. Kabula akafika, akatua dumu chini, akapita katikati yao, akamkumbatia punda kichwa na kumfunika macho kwa kitenge chake. Nikakata. Usaha ukaruka mpaka kwenye koti langu. Punda akashusha pumzi ndefu, nami nikashusha yangu. Baada ya wiki alikuwa anabeba maji tena.

Mzee Masunga akastaafu, miaka ikaenda. Nikawa mimi ndiye mwenye kuwafundisha wengine, na kila semina ya wafugaji niliimaliza kwa maneno yaleyale: punda ni mfugo kama ng'ombe, anastahili dawa, maji, kivuli na jina. Wakichoka kunisikiliza, nilirudia.

Ndipo wakaja wanunuzi wa ngozi za punda. Walikuja na malori kwa njia ya Lamadi, wakinunua punda yeyote, mzima, mgonjwa, mwenye mimba, hawakuuliza. Kilichokuwa chombo jana kikawa dhahabu. Punda wakaanza kuibwa kisimani. Nilipita njia zile nilizozizoea nikawa nakutana na wanawake wenye madumu vichwani, wake wa watu waliouza. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi.

Msimu huohuo mume wa Kabula akafariki. Msiba ulipokwisha, ukoo ukaitana kugawa mali. Kwa desturi ya boma lile, ng'ombe ni wa ukoo. Vyombo, yaani jembe, jiwe la kusagia, vyungu na punda, hubaki na mwanamke wa nyumba. Hakuna aliyewahi kubishania punda, maana hakuna aliyewahi kumtaka. Sasa Maduhu alikuwa anawataka wawili wa Kabula, yule jike wa zamani na binti yake, na lori lilikuwa linasubiri barabarani.

Kabula akanitumia ujumbe: "Njoo." Bila punda hakuwa na maji wala njia ya kupeleka pamba ghalani, na alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba mwanamke asiyeweza kulima shamba la boma arudi kwao. Alikuwa na watoto wanne. Kwao palikuwa na kaka anayelewa kutwa.

Mkubwa wangu akaniambia nisiende. "Hayo ni mambo ya ukoo, dada. Wewe ni mtumishi wa mifugo."

"Na wanaogawanywa ni nini, mkuu? Masufuria?"

"Ukienda, umekwenda kwa jukumu lako."

Nikavaa koti la kazi na buti, nikaenda kwa jukumu langu.

Kikao kilikuwa uani. Kiliongozwa na Mzee Ngusa, baba mdogo wa marehemu, mtu mkavu asiyependa maneno mengi. Ng'ombe waliitwa mmoja mmoja kwa majina yao, nzagamba, maksai, mitamba, kila mmoja akaenda kwa mtu wake bila ugomvi. Kisha Maduhu akasimama. "Na punda wawili," akasema.

Wazee wakanung'unika. Mmoja akasema punda si mali, ni chombo, kinabaki na mwanamke. Kabula aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka akainua macho. Nikadhani mambo yamekwisha. Maduhu akanigeukia.

"Muulizeni huyu mtaalamu. Mama Punda, si ni wewe uliyetufundisha miaka yote hii kwamba punda ni mfugo kama ng'ombe? Au ulikuwa unatudanganya?"

Alikuwa amenikamata, na alijua. Nikisema punda ni chombo, Kabula anabaki na punda wake, na mimi nimejikana mbele ya watu wote niliowafundisha. Nikisema ni mfugo, anagawanywa, jioni yupo kwenye lori. Nilimtazama Kabula. Hakunipa ishara yoyote. Alikuwa ananisubiri tu, kama siku ile kwenye foleni ya josho.

Sikuwa tayari kulimeza neno langu. Nilikuwa nimelipata kwa jasho.

"Sikudanganya," nikasema. "Punda ni mfugo kama ng'ombe. Nilisema jana, nasema leo, na nitasema kesho."

"Mmesikia!" Maduhu akapiga makofi.

"Sijamaliza, baba. Kama ni mfugo, basi tumhukumu kwa desturi ya mfugo. Mzee Ngusa, ng'ombe akigombewa hapa kwenu, mnauliza nini?"

Mzee alikuwa ameelewa kabla ya wengine. "Tunauliza nani alimshika kichwa," akasema.

"Basi uliza, baba."

Mzee Ngusa akageuza kiti chake akamkabili Maduhu. "Siku ya kidonda cha shingo, nani alishika kichwa?"

Mzee mwingine akajibu kwa niaba yake, "Kabula. Nilikuwepo joshoni."

"Siku ya kukatwa kwato?"

Wale wanaume wa njia ya kisimani walikuwepo karibu wote. Mmoja wao akaanza kucheka, akajizuia, ikashindikana. "Maduhu aliitwa ashike, mzee. Akasema hashiki kichwa cha punda mbele ya watu."

"Ulisema?" Mzee Ngusa akamuuliza.

"Ilikuwa utani."

"Umesema mbele ya watu. Ng'ombe ukimkataa kichwa umemkataa mwili. Na huyu ni mfugo kama ng'ombe, wewe mwenyewe umetuambia sasa hivi." Mzee akasimama, akajipangusa vumbi. "Punda ni wa Kabula. Si kwa sababu ni chombo. Ni kwa sababu ni wake."

Kabula hakulia wala kupiga vigelegele. Aliinuka kwenye mkeka, akaenda kuwafungua punda kwenye mti, akawapeleka kunywa maji. Mimi ndiye niliyelia, nyuma ya ghala lao la mahindi, kwenye mkono wa koti la serikali.

Barua ya onyo nililetewa. Ilisema nimeingilia mambo ya ukoo nikiwa na sare. Niliisoma, nikaitia sahihi, nikaandika chini yake PUNDA kwa herufi kubwa, kwa mazoea. Baadaye biashara ile ya ngozi ilipigwa marufuku, na watu wakaanza kushangaa jinsi punda walivyopungua. Mimi sikushangaa. Nilikuwa nimewahesabia kwa sauti na hakuna aliyesikiliza. Safari hii hata mkubwa wetu mpya alitaka takwimu za punda, na ikabidi aje kuniuliza mimi, maana kwenye mafaili walikuwa wamechanganywa na bata.

Mwezi uliopita mliniaga kwenye ukumbi wa ofisi pale Bariadi. Chakula kilikuwa kizuri. Kijana mshereheshaji, kwa kujua au kutojua, akaniita mbele kwa kipaza sauti, "Mama Punda!" Ukumbi ukacheka, kisha ukaona aibu. Nikasema, "Naam." Mkanipa blanketi zito lenye picha ya farasi anayekimbia. Mlieleza kwamba mlizunguka maduka yote ya mjini mkitafuta lenye punda, halipo. Nawashukuru, linaleta joto. Farasi huyo ndiye pekee niliyewahi kumiliki, na afya yake ni nzuri.

Lakini wengi wenu hamkuona kilichotokea nje, mlikuwa mnagombania soda. Mlinzi alikuja kuniita kwamba kuna bibi getini ana mnyama, anakataa kuondoka. Nikatoka. Alikuwa Kabula, amezeeka, mgongo umeinama, amekuja kwa miguu kutoka Mwamapalala na punda jike kijana mwenye mkanda wa kifua ulioshonwa kwa gunia jipya. Mjukuu wa yule wa kwato.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia.

"Mwadila." Akamtazama mlinzi, akawatazama na wakubwa wawili waliokuwa wamesimama karibu na gari, mmoja wao akisema kwa Kiswahili safi kwamba mifugo hairuhusiwi katika eneo la ofisi. Angalau alisema mifugo.

Kabula akanisogezea kamba, akarudi nyuma hatua moja ili watu waone vizuri.

"Shika kichwa," akaniambia.

Nikashika.